Busia mpaka Mpondwe na dereva wa seneta

Jumatatu, Busia

Hii safari lengo lake ni moja tu, nataka kuelewa seneta anafanya kazi gani akiamka asubuhi. Sio ile tunayoiona kwenye TV. Sisi wa Busia upande wa Uganda tunaangalia stesheni za Kenya sana, na usiku ule wa tarehe 17 Oktoba 2024 Seneti ilipomtoa naibu rais Rigathi Gachagua watu walijaa kwenye vibanda mpaka barabarani, kila seneta akiitwa jina asimame aseme kura yake watu wanapiga kelele. Kesho yake kwenye kipindi changu cha redio simu hazikukatika na swali lilikuwa lilelile, hawa watu 67 ni akina nani, nani amewapa nguvu ya kumtoa mtu mkubwa hivyo, na sisi Uganda mbona hatuna watu kama hao? Dakika mbili za redio haziwezi kujibu hiyo.

Halafu nikaangalia ramani vizuri. Kenya ina Seneti. Rwanda ina Seneti. Kongo ina Seneti. Sudan Kusini wana Baraza la Majimbo. Majirani zetu wote wana nyumba mbili za bunge isipokuwa Tanzania, na sisi tuko katikati na nyumba moja. Nikasema hapana, hii maneno inataka kufuatwa.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni Mkenya na anaendesha lori la masafa marefu, lakini kabla ya lori alimwendesha seneta mmoja miaka mitano, kuanzia 2017 mpaka 2022. Jina la bosi wake hataki litajwe na mimi namheshimu kwa hilo. Wiki hii anapeleka mzigo wa Wakongo mpaka Mpondwe, mpakani na Kongo, tandiboi wake ameenda kwao matanga, kiti kiko wazi, dada akasema nenda naye basi umchoshe na maswali njiani, mimi nimeshachoka kuyasikia.

Leo tumeshinda kwenye foleni ya forodha tu. Karatasi zimetoka jua limeshazama na shemeji akasema hatuondoki usiku.

Jumanne, Busia mpaka Lugazi

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri. Shemeji haongei akiwa kwenye foleni lakini lori likishashika mwendo anafunguka, na kuanzia Bugiri mpaka Iganga ameongea karibu peke yake.

Kitu cha kwanza aliniambia ni kuhusu buti la gari. Anasema buti la gari la bosi halikuwahi kuwa tupu, na haikuwa nguo wala zawadi, ilikuwa ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kenya ina kaunti 47, kila kaunti inakaguliwa kila mwaka, na bosi alikuwa kwenye kamati ya Seneti inayohoji magavana juu ya hizo hesabu. Gavana anakuja Nairobi na maofisa wake wa fedha, anakaa mbele ya kamati, anaulizwa ukurasa kwa ukurasa, hii pesa ya barabara imeenda wapi, hili soko limelipwa lote na bado halina paa, kwa nini, hawa wafanyakazi wameandikwa kazi lini. Seneta ambaye hajasoma gavana anamzungusha dakika kumi tu na imeisha. Kwa hiyo bosi alikuwa anasoma ndani ya gari, taa ya ndani imewashwa, Nakuru mpaka Nairobi usiku, anapiga mistari na kalamu nyekundu.

Nikamuuliza, na gavana akikataa kuja? Akasema wengi tu wanakataa. Wanatuma barua kwamba ni wagonjwa, wana mkutano, wako safari. Seneti inaweza kumpiga faini ya shilingi laki tano za Kenya, inaweza kumwambia mkuu wa polisi amlete, lakini yeye ameona magavana ambao walikaa bila kuja na hakuna kilichowapata haraka. Hapo sauti yake ilibadilika kidogo. Anasema bosi alikuwa anarudi garini siku kama hiyo anakaa kimya mpaka nyumbani.

Wiki ya seneta kwa maelezo ya shemeji iko hivi. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ziko Nairobi, asubuhi ni kamati, mchana saa nane na nusu ni kikao cha wote ukumbini, Jumatano wanakaa mpaka mara mbili. Alhamisi jioni au Ijumaa safari ya kurudi kaunti. Jumamosi ni mazishi, wakati mwingine matatu kwa siku moja, na huwezi kukosa moja kwa sababu watu watakumbuka. Jumapili kanisani. Jumatatu watu wamejaa getini tangu alfajiri.

Na hapa getini ndipo penye uchungu wote wa kazi hii, nimeielewa leo kabisa. Mtu anakuja na barua ya shule, mtoto amefukuzwa karo. Mbunge wa kawaida ana mfuko wa maendeleo ya jimbo, ule wa tangu 2003, anatoa basari. Mwakilishi wa wanawake ana mfuko wake. Gavana ana bajeti nzima ya kaunti. Mwakilishi wadi atasukuma barabara ya kijijini kwake. Seneta hana chochote. Kazi yake kwa katiba ni kulinda kaunti na ugatuzi, yaani madaraka na pesa kushuka mpaka kaunti, kugawa pesa kati ya kaunti na kufuatilia imetumikaje, hapewi hata shilingi ya kumpa mama aliyesimama getini. Shemeji anasema bosi alikuwa anatoa mfukoni, mshahara unaisha tarehe kumi, na wale ambao hawakupata wanaenda wakisema huyu tulimchagua wa nini. Mwaka 2022 akaanguka. Kilichomwangusha shemeji anakijua, mshindani wake aliuliza swali moja tu kila mkutano, amewajengea nini?

Mimi hili limenikaa kichwani safari nzima kupita mashamba ya miwa ya Kakira. Mtu amefanya kazi ya kuuliza pesa ya watu iko wapi, amesoma usiku miaka mitano, halafu anapimwa kwa madarasa ambayo katiba haikumpa pesa ya kuyajenga. Sidhani ni haki, na nitaisema hivyohivyo redioni.

Najua maseneta wenyewe wameomba wapewe mfuko wa kufanyia hiyo kazi ya ufuatiliaji, na Julai 2025 Bunge la Kitaifa, ile nyumba ya chini, lilipitisha mswada wa kuingiza huo mfuko ndani ya katiba pamoja na ile ya wabunge na ya mwakilishi wa wanawake. Shemeji anaunga mkono. Mimi naona sehemu moja sawa, sehemu moja hatari. Pesa ya kulipia watafiti, mafuta na wahasibu wa kusoma hesabu, sawa kabisa. Lakini ikishageuka kuwa pesa ya kugawa, seneta naye atakuwa na hesabu za kuulizwa, na huyo nani atamuuliza?

Tumevuka daraja jipya la Jinja saa nane mchana, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, hakuna kusimama wala kupiga picha pale. Lugazi tumefika jioni, tumelala hapo kwenye uwanja wa malori. Wakati wa kula tumekaa na dereva wa Kinyarwanda, mzee mwenye Kiswahili kizuri sana cha barabarani, akatueleza ya kwao. Seneti yao ni ya watu 26 tu, ilianza na katiba ya 2003, na ili uingie uwe umefika miaka 40. Kumi na wawili wanachaguliwa na madiwani wa mikoani, wanane wanateuliwa na rais, wanne na jukwaa la vyama, wawili wanatoka vyuo vikuu. Zamani muhula ulikuwa miaka minane, tangu 2015 ni mitano. Akasema kwao seneta hana watu getini, kwa sababu hakuna raia aliyempigia kura. Shemeji akacheka akasema huyo analala vizuri. Mzee wa Kinyarwanda akajibu taratibu, "Analala vizuri ndiyo, lakini mimi simjui jina."

Jumatano, Kampala

Lori limebaki nje ya mji, kuna mambo ya tairi na karatasi, shemeji akaniambia nina siku mbili. Nimepanda taksi mpaka mjini na nimeenda moja kwa moja Bungeni, Parliament Avenue, nimeonyesha kitambulisho getini nikapita chini ya lile tao la uhuru nikakaa kwenye sehemu ya wageni.

Bunge letu la 11 lilianza 2021 na wabunge 529. Ukiongeza mawaziri wasio na majimbo ni zaidi ya hapo. Ukumbi ulijengwa kwa watu wachache sana na sasa wanajenga mwingine mkubwa. Nimekaa nikahesabu aina za watu waliomo, wa majimbo 353, akina mama wa wilaya na majiji 146, jeshi 10, vijana, wafanyakazi, wenye ulemavu na wazee watano watano. Nikajiuliza kati ya hawa nani ni wa wilaya yangu kama wilaya, yaani sio wa jimbo, sio wa chama, mtu ambaye kazi yake ni kusema wilaya hii imepewa kidogo kuliko inavyostahili na hiyo kidogo imeliwa?

Jibu la haki ni kwamba yuko mama mbunge wa wilaya, na iko kamati ya hesabu za serikali za mitaa ndani ya Bunge, inaongozwa na upinzani, na maofisa wa wilaya wanaitwa kujibu ripoti ya Mkaguzi Mkuu kama kule Kenya. Hii nisiifiche, watu wengi wanaopigia redio hawajui kama ipo. Lakini ni kamati moja ndani ya nyumba moja, na wilaya ziko 135 ukiacha Kampala na yale majiji 10. Mama mbunge huyohuyo anatakiwa kujadili mafuta, jeshi, kodi, vyuo vikuu. Wilaya inapata zamu yake ikipata.

Na pesa yenyewe inavyokuja wilayani, sehemu kubwa inakuja imeshaandikwa kazi yake Kampala, hii ya mishahara ya walimu, hii ya dawa, hii ya barabara fulani. Mwenyekiti wa LC5, yaani mkuu wa halmashauri ya wilaya, tunamchagua lakini ofisa mkuu anayetia sahihi pesa anateuliwa kutoka juu, tangu mabadiliko ya katiba ya 2005. Katiba yetu inataja hata serikali za mikoa, wilaya zikikubaliana kuungana, mpaka leo hazijaanza. Basi ukiuliza nani analinda kiasi na nani analinda matumizi unapata ofisi nyingi, mtu humpati.

Naandika haya nikiwa na jambo moja moyoni nalo nalisema wazi. Kata yetu ina wodi ya wazazi iliyoanza kujengwa, ikafika kwenye linta, ikasimama. Miti imeota ndani. Mama mjamzito anabebwa kwa boda usiku mpaka kituo kingine na mvua ikinyesha hiyo njia haipitiki. Mkandarasi alilipwa kiasi gani, amebakiza nini, wilaya iliomba pesa ikanyimwa au ilipewa ikapotea? Nimeuliza kwa miaka, kila anayeulizwa anaonyesha ofisi nyingine.

Alhamisi, Kampala bado

Tairi halijapatikana mpaka mchana. Nimekutana na vijana wa Sudan Kusini wanaosoma hapa, wamejifunza Kiswahili kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma kule Kenya, tumekula rolex pamoja, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Baraza lao la Majimbo lina watu 100, wote wameteuliwa na vyama kwa mkataba wa amani wa 2018, na wao wamesema tu kwamba hawajawahi kupiga kura ya chochote nchini kwao. Niliandika hiyo sentensi na sikuuliza zaidi.

Ijumaa, Kampala mpaka Fort Portal

Siku ndefu. Mityana, Mubende, Kyenjojo, chai yote ile ya kijani pembeni. Leo nilimwomba shemeji anieleze mwaka 2020 kwa sababu ndio mwaka ambao Seneti ya Kenya ilikaa uchi mbele ya watu, mazuri na mabaya yote yalionekana.

Kenya pesa za kaunti zinagawanywa kwa fomula, na hiyo fomula Seneti ndiyo inaipitisha kila miaka mitano. Katiba inasema kaunti zote zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Mwaka huo kiasi kilikuwa bilioni 316.5 za Kenya, kilekile cha mwaka uliotangulia, na fomula mpya iliegemea zaidi idadi ya watu. Maana yake kaunti zenye watu wengi zinapata zaidi, na kaunti za ukame na za pwani, nchi kubwa watu wachache, zinapoteza. Maseneta wakagawanyika, chama hakikusaidia tena, kila mmoja akaangalia kaunti yake. Kikao kinaitwa, kinavunjika, kinaitwa tena, wiki baada ya wiki. Shemeji anakumbuka kukaa kwenye maegesho na madereva wengine na barakoa usoni, wakati wa Covid, wanasikiliza kikao kwenye simu, na hata madereva walikuwa wanabishana, wa Wajir na wa Kiambu hawaongei.

Tarehe 17 Agosti 2020 polisi wakawakamata maseneta watatu siku ya kupiga kura, Malala wa Kakamega, Lelegwe wa Samburu na Langat wa Bomet. Wenzao wakakataa kuendelea na kura mpaka waachiliwe. Mwezi wa tisa ndio wakakubaliana, fomula mpya isianze kazi mpaka kiasi kipandishwe, na mwaka uliofuata kaunti zikapata bilioni 370, nyongeza ya bilioni 53.5 ili pasiwe na kaunti inayopoteza. Mwaka wa fedha 2025/26 wamefika bilioni 415.

Kwa wengine hizo ni kelele za miezi mitatu, kaunti zilikaa bila pesa, wauguzi hawakulipwa, na hilo lilikuwa baya kweli. Lakini mimi nasikia kitu kingine. Nasikia seneta wa Samburu anakamatwa na polisi kwa sababu ya pesa za kisima cha Samburu. Fikiria Karamoja, kule kwetu Uganda kwenye ukame, wangekuwa na mtu kama huyo.

Tukaingia kwenye zile kesi za magavana ambazo watu wanazipenda. Bunge la kaunti likishapiga kura theluthi mbili kumtoa gavana, spika wa Seneti anatakiwa kuitisha kikao ndani ya siku saba. Wanaamua, kesi isikilizwe na wote au kamati ya watu 11 yenye siku kumi. Shemeji ameziona za Waititu wa Kiambu, Januari 2020, na Sonko wa Nairobi, Desemba mwaka huohuo, wote wakaondoka, na ya Waiguru wa Kirinyaga ambaye kamati ilimwokoa. Kwenye hizi kesi za magavana kura ni moja kwa kila kaunti, anapiga kiongozi wa ujumbe, yaani wa maseneta wote wa kaunti hiyo, na zikifika 24 gavana ameenda. Ya naibu rais ni tofauti, kila seneta na kura yake na inatakiwa theluthi mbili, ndio maana ile usiku ya Gachagua tulisikia majina yote.

Hapo kwenye kura ya kaunti kuna watu wanaoumia kimyakimya. Seneti ina wanawake 16 walioteuliwa na vyama, pamoja na vijana wawili na wenye ulemavu wawili. Kwenye kura ya kaunti hao hawana kura yao peke yao, mkuu wa ujumbe ni yule aliyechaguliwa, labda amwachie nafasi. Mwaka 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa kwa kura ya wananchi kuwa seneta, 2017 wakawa watatu, 2022 tena watatu. Shemeji anasema seneta mteule mmoja aliwahi kumwambia bosi, mimi nachangia kila hoja, nasoma kila ripoti, siku ya kura naangalia tu. Mimi kama mwanamke hii imeniuma na sioni sababu ya kuitetea.

Na ugomvi na nyumba ya chini haujawahi kuisha. Wabunge walikuwa wanapitisha sheria bila kuwapelekea maseneta, kesi ikaenda, na Oktoba 2020 Mahakama Kuu ikafuta sheria 23 kwa sababu hiyo. Kenya walishakuwa na Seneti mara moja, 1963 ilianza, 1966 ikafutwa ikaunganishwa na nyumba nyingine. Kwa hiyo maseneta wa leo wanajua nyumba yao inaweza kufa, iliwahi kufa.

Tumelala Fort Portal, baridi.

Jumamosi, Fort Portal mpaka Mpondwe

Rwenzori imefunikwa na mawingu toka asubuhi. Karibu na Hima shemeji akaniambia, saa hii ingekuwa ile kazi ya zamani tungekuwa kwenye mazishi ya pili. Halafu akaniambia kitu ambacho hakunieleza siku zote hizi. Septemba 2018 Seneti ilitoka Nairobi ikaenda kukaa Eldoret wiki nzima, 2019 ikaenda Kitui, na baadaye yeye akiwa ameshaacha, 2023, ikaenda Turkana. Eldoret alikuwepo. Anasema watu walikuwa wanaingia kusikiliza na mabuti ya shamba, wakulima wa mahindi, wakasikia maseneta wanabishana juu ya bei ya mahindi yao hapo hapo mbele yao, na mzee mmoja akamwambia shemeji nje, sasa huyu nimemwona anafanya kazi. Bosi aliyaongea hayo mpaka anaacha kazi. Sijui kama kuna kitu kingine kinachoweza kumfanya mtu wa getini aelewe seneta ni wa nini.

Mpondwe tumefika saa kumi. Malori, baiskeli za miguu mitatu za mizigo, samaki wakavu, mafuta ya mawese, watu wa Kasindi, upande wa Kongo, wanavuka daraja la Lhubiriha. Kiswahili ndicho kinachotawala hapa kuliko mji wowote tuliopita.

Jumapili, Mpondwe

Wenye mzigo wamekuja, mmoja wao ni mwalimu wa zamani kutoka Beni, mtu wa makamo, kwao wanamwita papa, yaani baba, na nilipomwambia natafuta nini aliomba kiti. Kwao provinsi ni 26, kila provinsi ina maseneta wanne isipokuwa Kinshasa yenye wanane, na rais mstaafu anakuwa seneta wa maisha. Ndiyo maana Joseph Kabila alikuwa seneta, na Mei 2025 Seneti ikamwondolea kinga ashitakiwe.

Nilimweleza kuhusu Samburu na bilioni 370, nikasema mnaona, nyumba ya pili inalinda watu wa mbali. Alinisikiliza mpaka mwisho halafu akakataa.

"Mama, kwetu seneta anachaguliwaka na badepite ba provinsi, sisi raia tunasikiaka tu ku redio. Sasa ule mutu atajibu mimi, ao atajibu bale balimuchagua?"

Badepite ni wabunge wa provinsi. Akaendelea kwamba katiba yao inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwenye provinsi ibaki palepale. Iko kwenye katiba ya 2006. Haibaki. Maseneta wako Kinshasa miaka yote hiyo, na tangu Mei 2021 provinsi yake ya Kivu Kaskazini iko chini ya gavana wa kijeshi. Nyumba mbili ziko, maseneta wako, kisima hakuna.

Shemeji akasema hiyo ndiyo tofauti, yule wa Kenya akilala anajua Jumatatu getini kuna watu. Papa akasema getini ndiko kulikomwangusha bosi wako. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mimi niliandika yote mawili kwa sababu wote wawili wanasema kweli. Lakini msimamo wangu nimeupata. Nikiulizwa redioni kama Uganda tuwe na Seneti nitasema ndiyo kama seneta atachaguliwa na watu wa wilaya zile anazozisemea, na kama ni wa kuteuliwa tusijisumbue, bora hiyo pesa iende kwenye kamati ya hesabu tuliyonayo ili iweze kufika wilayani kukaa kule mbele ya watu.

Kipindi cha kwanza nitakifanya juu ya buti la gari na ripoti za ukaguzi. Kesi ya Gachagua itakuja mwisho, watu wameshaiona.

Mchana shemeji amelala ndani ya kabini, mimi nimeandika barua. Sheria yetu ya 2005 ya kupata habari inampa mwananchi haki ya kuomba karatasi za serikali na ofisi ina siku 21 za kujibu. Nimeomba mkataba wa ile wodi ya wazazi, malipo yote yaliyofanyika, na kurasa za Mkaguzi Mkuu zinazoitaja. Nakala moja ya mama mbunge wetu, nakala moja ya diwani, moja nitaisoma hewani siku nitakayoipeleka, na tarehe nitaitaja ili kila anayesikiliza aanze kuhesabu.